Mume Wangu, Mtegemezi Wangu

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, poleni na baridi ya leo, na ninyi watoto mlioko pale mlangoni nawasikia, tulieni kidogo. Mungu aliyetuamsha apewe heshima yake, na mimi anipe nguvu ya kumaliza nikishaanza, maana mwenyekiti wa umoja wetu wa wanawake ananiomba jambo hili tangu kabla ya mavuno, na mimi nimekuwa nikimkwepa. Nikimwona njiani napita shambani kwa watu.

Sitamtaja mtu kwa jina. Anayejitambua na ajitambue kimya kimya.

Ndugu zangu, nawaambia mapema, huu si ushuhuda wa kupigia vigelegele. Nimesikia watu wakisimama hapa wakasema niliugua, nikaombewa, nikapona, wakakaa. Nafurahi nao. Mimi yangu haiko hivyo. Mimi nilikata tamaa, na pale ilipokatika bado hapajaunganika vizuri. Lakini mwenyekiti ameniambia, "Sema hivyo hivyo ilivyo. Kuna watu humu ndani wanangoja mambo ya namna yako." Basi nasema.

Wengi mnajua nimezaliwa hapa hapa Nambis. Nilipomaliza darasa la saba nilikaa nyumbani, kisha shangazi yangu akaniita Hanang. Yeye aliolewa Gehandu, na alikuwa amepata kazi ya kupikia wafanyakazi kwenye shamba moja kubwa la ngano. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mashamba yalikuwa yanapata wamiliki wapya, kampuni zinakuja na kuondoka, maduka ya Katesh yamejaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu. Kampuni iliyochukua shamba lile ilileta mafundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia, kutoka Kenya. Mmoja wao ndiye huyu mnayemwona siku hizi akipita na ndoo ya maziwa.

Siku ya kwanza aliingia jikoni kwetu mikono imejaa grisi, hakusalimia sana, akasema, "Nipe chai."

Nikamwuliza, "Kwenu hakuna naomba?"

Akanitazama. "Kwani nimekosea wapi? Si ni chai nataka?"

"Hapa chai haiamrishwi."

Akafikiri. "Haya. Naomba chai. Na sukari nayo niiombe, ama hiyo nitapewa bila maombi?"

Shangazi alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Basi ilianzia hapo, kwenye chai.

Alipotaka kunioa nilimleta huku kwa baba. Baba yangu, uliyekaa pale, najua hunisikii vizuri, lakini hili unalikumbuka. Ulinivuta nyuma ya zizi ukaniuliza, "Binti yangu, huyu mtu akikukosea, nitakwenda kwa nani?" Nikampelekea mchumba wangu swali hilo. Yeye alivyosikia akaenda kwao upande wa Nakuru, akarudi na baba zake wadogo wawili na mama yake mzazi, wamevaa vizuri, wamechoka na safari. Mama yule na mama yangu hawakuwa na lugha moja hata ya kuombea chumvi, lakini walishinda wamekaa pamoja wakichambua maharage. Baba akasema, "Sasa nimeona nyumba yao ina watu." Tukafunga ndoa kanisani, kukapigwa ngoma, mnajua wenyewe.

Vibali vyake vyote vilikuwa mkononi mwa kampuni. Yeye alikuwa anasaini tu anapoambiwa asaini. Halafu ikaja misimu miwili ya mvua mbaya, ngano haikutoka, na kampuni ikafunga. Wakubwa waliondoka, mashine zikauzwa, mafundi wenzake wakarudi kwao. Yeye alikuwa na mke, na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Tukauliza watu: je, huyu afanye nini? Na hapa, ndugu zangu, nisikilizeni vizuri, kwa sababu neno hili linaweza kuvunja nyumba. Kila tuliyemwuliza alitujibu, "Akishaoa hapa amekuwa wa hapa." Fundi mwenzake alisema hivyo. Mwenye nyumba wetu alisema hivyo. Hata mtu mmoja mwenye kalamu mfukoni alisema hivyo. Nasi tukaamini, kwa sababu lilikuwa neno tamu.

Akafungua karakana Katesh. Trekta, mashine za kusaga, pampu, pikipiki zilipoanza kuja, vyote alivitengeneza. Walimwita mpaka Dirma kwa wafugaji kutengeneza kisima. Kiswahili chake kikalainika, akajua hata kumsalimia bibi kizee kwa Kiiraqw. Miaka ikapita. Kibali kiliisha, na hatukujua kama kuisha ni kitu. Pasipoti nayo ikaisha, ikakaa chini ya nguo sandukuni.

Mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa tulishangilia kama wengine. Zamani ukitaka ofisi kubwa ni Arusha. Sasa ni Babati, unaenda na kurudi. Na wakati huo huo ikaja habari kutoka kwao kwamba mama yake anaumwa, amevimba miguu, anamwulizia. Akasema, "Mama watoto, lazima niende. Lakini nikivuka na hii pasipoti, nitarudije?" Tukakaa tukashauriana. Tukaona ofisi sasa iko karibu, sisi si wezi, tuna cheti cha ndoa, tuna watoto wawili na wa tatu niko naye tumboni. Twende tujieleze wenyewe, tuombe kurekebishiwa. Tulivaa nguo za kanisani. Watoto tuliwaacha kwa jirani, tukawaambia tutarudi jioni na mkate.

Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu wa adabu. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu hudhani nilitukanwa. Sikutukanwa. Alitupa viti. Akasoma karatasi zetu moja moja, akafungua pasipoti akaifunga. Akasema, "Mama, ndoa yako ni halali kabisa. Kukaa kwake ndiko si halali. Ni vitu viwili."

Nikasema, "Lakini ni mume wangu."

"Ndiyo, mama. Na ni mgeni aliyekaa miaka bila kibali. Ameishi bila kibali na amefanya kazi bila kibali. Hili si langu kusamehe."

Mume wangu akauliza, "Kwa hivyo leo narudi nyumbani ama sirudi?"

Ofisa akaangalia meza. "Leo hurudi."

Nilirudi Katesh peke yangu na mkate. Mtoto wetu mkubwa, yule binti, alikuja mbio mpaka barabarani, akaangalia nyuma yangu, akaangalia tena, kisha akapokea mkate na hakuniuliza kitu. Mpaka leo sijui kwa nini hakuuliza. Afadhali angelia.

Alifikishwa mahakamani, akakubali kosa, maana lilikuwa kosa. Tuliuza mashine ya kuchomelea tukalipa faini. Halafu akapelekwa mpakani Namanga, na akapigwa kile watu wanachokiita PI, yaani amepigwa marufuku kuingia tena nchini. Nilikuwa nadhani kufukuzwa ni kufukuzwa tu, mtu anaenda anarudi. Nilipoelezwa maana ya marufuku nilijua harudi mpaka wao waseme.

Alimkuta mama yake hai. Hilo namshukuru Mungu, na nitamshukuru siku zote. Alimlisha uji kwa mkono wake wiki kadhaa, akamzika. Lakini baada ya kumzika akawa hana cha kukaa nacho kule, na huku hawezi kuja.

Nikarudi Babati kuuliza njia. Yule ofisa akanieleza taratibu. Kwanza mume wangu aombe kuondolewa marufuku, akiwa huko huko nje. Ikiondolewa, mimi mke, raia, ndiye niombe aje kukaa kwangu. Akasema, "Wewe utakuwa mwenyeji wake. Yeye ataingia kama mtegemezi wako."

Nikadhani sikusikia. "Mtegemezi wangu? Mwanaume?"

"Ndivyo inavyoandikwa, mama."

Mnacheka. Chekeni tu, na mimi nilicheka. Lakini kaka zangu walivyosikia hawakucheka vizuri. Mmoja akasema mbele ya wake zao, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyeoa. Tukuletee na suruali?" Na mume wangu mwenyewe, nilipomweleza kwa simu, alinifanya nirudie mara mbili. Simu yenyewe nilikuwa naipigia dukani kwa mzee mmoja wa Katesh, Mwislamu, mfanyabiashara wa vitambaa. Yeye alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuwa na simu ya mkononi, na alikuwa akiniachia nizungumze akatoka nje kujifanya anapanga marobota. Mume wangu akasema, "Mimi ni fundi. Nimelisha watu tangu nikiwa kijana. Leo niandikwe nategemea mwanamke?"

Nikamwambia, "Basi kaa huko na ufundi wako."

Nilimwambia hivyo. Yule mzee aliporudi ndani alinikuta nimekaa kwenye kigoda chake nimefunika uso kwa khanga. Akaniwekea kikombe cha kahawa pembeni, akaendelea na wateja.

Baadaye mume wangu alikubali, tukaomba. Nilijifungua mtoto wa tatu tukiwa tunangoja. Pango la nyumba ya Katesh likanishinda, nikachukua watoto nikarudi hapa kwa baba. Jibu likaja: ombi limekataliwa. Sababu zilikuwa mbili. Marufuku ilikuwa bado mbichi, na mimi mwenyeji sikuonyesha uwezo wa kumtunza huyo ninayemwombea. Sina kazi, sina nyumba, sina shamba. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nalala chumba cha mama yangu na watoto watatu. Shamba la nani ningeonyesha? Sisi mabinti wa huku mnajua, unazaliwa juu ya shamba, unalima shamba, na shamba si lako.

Maneno nayo yakaanza. Kisimani watu walikuwa wakinyamaza nikifika. Wakasema niliolewa na mpita njia. Wengine wakasema ana mke kule, ndiyo maana harudi, habari ya vibali ni hadithi. Sasa mtu ukiambiwa hivyo kila siku, nawe unaanza kusikiliza.

Nikaamua kwenda Namanga nimwone. Nilimbeba mtoto mdogo, ambaye alikuwa hajamwona baba yake. Mume wangu alikuja mpaka pale mpakani, tukakutana ng'ambo ya pili, penye vibanda vya chai. Alikuwa amekonda. Alikuwa amepata kibarua cha kutengeneza pampu kwenye mashamba ya maua, Naivasha, na vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa dawa. Alinyoosha mikono amchukue mtoto, mtoto akapiga kelele kama amechomwa. Akairudisha mikono yake, akaiweka chini ya meza.

Tulikunywa chai. Kisha akasema, "Mama watoto, nimefikiria sana. Sisemi kwamba nataka mwingine. Sitaki. Lakini wewe bado ni kijana. Uolewe. Mimi nitakuwa natuma kidogo ya watoto nikiweza."

Nikasema, "Nimetoka Nambis na mtoto mgongoni uje kuniambia hivyo?"

"Nitakwambia lini? Kwa simu ya yule mzee?"

"Sisi tumefunga ndoa kanisani."

"Najua. Na ofisa alisema ni halali kabisa." Akatabasamu, tabasamu baya. "Ndoa ni halali. Mwenye ndoa ndiye si halali."

Hatukugombana. Ningependa tungegombana. Tuliagana kama watu waliotoka msibani, yeye akaenda kwake, mimi nikavuka huku.

Ndugu zangu, niliporudi hapa nililala. Sisemi usingizi. Nililala kitandani mchana kweupe, mvua imenyesha, watu wote wako shambani, mimi nimeangalia dari. Mahindi na maharage niliyokuwa nimepanda kwenye kipande alichonikopesha baba yakaota na magugu yakaota. Mama yangu alikuwa akiwaogesha watoto. Kanisani sikuja. Mchungaji alikuja nyumbani akaomba, nikasema amina kwa mdomo. Sikuwa na hasira na Mungu. Mtu mwenye hasira bado ana kitu. Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa nafikiri, kama nisingeamka kesho, nani angepungukiwa? Nilijibu mwenyewe kwamba hakuna. Nalisema hili wazi kwa sababu najua humu kuna mtu amewahi kujiuliza swali hilo na kujijibu hivyo hivyo. Dada, au kaka, usibaki nalo peke yako. Mwambie mtu leo, hata kabla hujafika nyumbani.

Asubuhi moja nikasikia majembe. Nikadhani ni kwa jirani. Nikasikia sauti za wanawake zinacheka, ziko karibu. Nikaamka nikachungulia. Walikuwa wanawake wa umoja huu, karibu wote, wamejipanga kwenye shamba langu wanapalilia. Nilitoka na shuka begani. Nikamwendea mmoja, mjane, ambaye hata hatukuwa na mazoea, nikamwambia, "Mama, shikamoo. Nani amewaita?"

"Marahaba. Hakuna aliyetuita."

"Nitawalipa nini mimi?"

Akaendelea kupalilia. "Hatukuja kukuambia Mungu yupo, hilo umeshaambiwa. Hatukuja kukuambia mume atarudi, hatujui kama atarudi. Tumekuja kupalilia. Kama una jembe lilete, kama huna kaa hapo kivulini."

Nilifunga shuka kiunoni. Halafu nikaenda kuchukua jembe.

Huo ndio muujiza wangu, kama mnatafuta muujiza. Sikuona nuru. Moyo wangu ulikuwa mzito jioni ile kama asubuhi yake. Ila nilikuwa nimelima mistari yangu, mgongo unaniuma, na nililala usiku kama watu wengine.

Sasa yule mjane akafanya jambo jingine. Alikwenda kwa baba yangu. Sijui alimwambia nini, baba mpaka leo hasemi. Najua tu kwamba baada ya hapo baba aliwaita kaka zangu, na mwenyekiti wa kijiji, na mtendaji, na majirani wa mipakani, tukaenda wote kwenye lile shamba nililolima. Baba akasema kwa Kiiraqw ili wazee wamwelewe vizuri, kwamba kipande kile kuanzia kwenye mtaro mpaka kwenye mikaratusi anampa binti yake, na kiandikwe hivyo serikalini.

Kaka yangu mkubwa akasema, "Baba, kwa heshima. Shamba la ukoo unampa mgeni kwa kupitia kwa huyu?"

Baba akasema, "Nampa niliyemzaa. Huyo mgeni akija atakula kwa binti yangu, kama wewe unavyokula kwangu."

Mtendaji akaanza kuandika. Kaka yangu alikasirika mwaka mzima, na leo yuko hapa, ameniletea mbegu mara mbili, kwa hiyo nimemaliza habari yake.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Tuliomba upya. Yeye aliomba kule kuondolewa marufuku, mimi niliomba huku. Yule mzee wa duka alisafiri na mimi mpaka Babati, akasema mbele ya ofisa kwamba anamjua mume wangu kuwa fundi mwaminifu na kwamba yuko tayari kuulizwa wakati wowote. Alifunga duka siku nzima kwa ajili ya jambo letu, mtu ambaye si ndugu yangu wala si wa dini yangu. Mchungaji aliandika. Mjumbe wa mtaa wa Katesh aliandika. Maombi yakaenda Dar es Salaam, na huko yakakaa. Nikawa nakwenda Babati kuuliza, naambiwa bado. Nikienda tena, bado. Yule ofisa wa adabu alihamishwa, akaja mwingine, nikaanza kueleza upya tangu kwenye ngano. Mtoto mkubwa akafika darasa la sita. Mdogo akajua kuongea, akawa anamwita mjomba wake baba.

Nawaambia kweli, wakati huo sikuwa natumaini. Watu wanadhani niliendelea kwa imani. Niliendelea kwa mazoea. Nilikuwa nalima kwa sababu kulikuwa na shamba, na nilikuwa nakwenda Babati kwa sababu tarehe niliyopewa imefika. Imani ilikuwa ya wale wanawake. Mimi nilikuwa nimepanda juu yake kama mtoto mgongoni.

Marufuku iliondolewa. Halafu, baada ya kungoja kwingine, kibali kikatoka. Sikupiga kelele. Nilimwuliza yule kijana wa dirishani, "Ni kweli ni yeye?" Akanisomea jina lake. Nikamwomba asome tena.

Alishuka Mbulu mjini jioni, na begi moja. Nilikwenda na watoto kumpokea. Binti yetu mkubwa, yule wa mkate, alimwinamia kwa adabu akasema, "Shikamoo," kama mtu anavyomsalimia mgeni wa baba yake. Akajibu, "Marahaba," akahamisha begi mkono mwingine. Yule wa katikati alimtazama tu. Mdogo akauliza kwa sauti mbele ya abiria wote, "Mama, huyu ndiye mtegemezi?" Watu wakageuka. Mume wangu akachuchumaa chini, akamwambia, "Ndiyo. Ni mimi."

Sasa mtu atasema, basi amerudi, tushangilie. Ngojeni. Kibali cha mtegemezi hakimruhusu kuajiriwa wala kufungua kazi yake. Ili afanye ufundi kwa malipo anahitaji kibali kingine, na hicho ni mlima mwingine. Mwanaume aliyekuwa anafufua kombaini sasa anakamua ng'ombe wangu na kupalilia maharage yangu. Watu wanaleta mashine mbovu mpaka mlangoni. Anasimama mbali kidogo, mikono mfukoni, anasikiliza zinavyokohoa, kisha anawaambia, "Samahani, mpelekeeni fundi wa Dongobesh." Wengine wanaondoka wakisema anaringa. Akiingia ndani hasemi mpaka kesho yake. Kuna siku nimemkuta zizini ameshika spana yake ya zamani, anaisafisha kwa kitambaa, haina hata kutu. Na sisi wawili nasi tulikuwa tumezoea kila mtu kulala peke yake. Tulikaa miezi tukiogopana kama maharusi wa kuchaguliwa na wazazi. Watoto wanamtii, lakini wakiumia wananiita mimi. Haya hayarudishwi na kibali.

Nina shukrani, na naomba mnivumilie nizitoe. Baba, ahsante. Sitasema zaidi, utaona aibu. Aayo, mama yangu, uliyewaogesha watoto wangu nilipokuwa siwezi kujiogesha mwenyewe, Mungu akulipe, mimi siwezi. Mchungaji, ulisubiri amina yangu iwe ya kweli na hukunikemea. Mzee wangu wa Katesh hayupo hapa, leo yuko na wateja wake, lakini nimemwombea dua kwa namna yetu na najua yeye ananiombea kwa yake. Na ninyi akina mama mliokuja na majembe bila kuitwa, simameni kidogo watu wawaone. Simameni. Mbona mnaona haya? Siku ile hamkuona haya kuingia shamba la mtu.

Nililojifunza ni dogo. Kama umeolewa na mtu wa nje, au umeoa wa nje, usimwulize jirani wala mwenye nyumba kama karatasi zake ziko sawa. Nenda ofisini mapema kibali kikiwa bado hai, uulize kwa mdomo wako, hata ukiogopa. Na kama kuna mwenzenu anangoja jibu ambalo haliji, usimpelekee maneno ya kumtia moyo, anayo mengi na yamemchosha. Mpelekee mikono. Basi.

Kibali chetu cha sasa kinakaribia kuisha. Tumeshapeleka maombi ya kuongezewa, mapema safari hii. Bado hatujajibiwa. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa. Nimeshaona yote mawili, na sitawadanganya kwamba siogopi. Asubuhi wakati natoka alikuwa amekaa nje anamenya viazi na yule mdogo, akaniambia, "Nenda ukaseme. Chakula utakikuta."

Kwa hiyo ndugu zangu, ya kesho siyajui. Leo nikitoka hapa nitapanda hiyo njia, nitafika nyumbani, na nitamkuta. Hilo ndilo ninaloweza kulishuhudia. Ahsanteni kwa kunisikiliza.